Foleni ya Saa Sita Mjini Porto

Jumamosi, tarehe 28 Septemba 2019, saa mbili na robo asubuhi, ukungu ulikuwa umelala juu ya mto Douro mjini Porto, mzito kiasi kwamba daraja la chuma lilianzia upande wetu na kuishia hewani. Hakukuwa na upepo. Kipimajoto kwenye ukuta wa duka la dawa kilisoma nyuzi kumi na sita. Piers Wetherall, aliyejizungushia skafu ya sufu mara mbili shingoni, alisimama nje ya mlango wa hoteli na karatasi mkononi, akatutangazia kwamba tumechelewa dakika nne.

"Tumechelewa wapi?" akauliza Colin Garside.

"Namba moja. Mnara. Ngazi mia mbili na ishirini na tano, dakika thelathini na tano, picha zikiwemo."

"Na mnara wenyewe unaondoka saa ngapi?"

Wetherall hakucheka. Hakuwa mtu wa kucheka mambo ya ratiba. Alikuwa amesoma mtandaoni makala ya mambo kumi na manne ambayo mtu hana budi kuyafanya katika mji ule mwanzoni mwa msimu wa majani kupukutika, akayanakili yote kwa mkono, akayapangia saa na dakika. Skafu ilitokana na makala hiyohiyo. Makala ilisema tuvae sufu. Basi tulivaa sufu, na ilipofika saa nne jua likapasua ukungu na joto likapanda, tuliendelea kuivaa, kwa sababu picha zilikuwa bado hazijakamilika.

Mimi naitwa Hugh Lattimer. Nilikuwa hakimu kwa miaka ishirini na sita katika mji wa wastani wa Uingereza, na sijawahi kumwonea huruma mwizi aliyekana wizi wake. Sisi watatu tulisoma Thornmere, shule ya bweni iliyojengwa juu ya kilima chenye baridi kwa makusudi, ili baridi iwe sehemu ya mtaala. Naiheshimu shule hiyo hadi leo. Ilitufunza kuamka kabla ya kengele, kula tulichopewa, kuitana kwa majina ya ukoo, na kutomchongea mwenzetu kwa mwalimu hata kwa mateso. Sharti hili la mwisho ndilo lililokuwa likinisumbua safari nzima.

Mwaka 1976, nikiwa na umri wa miaka kumi na saba, niliiba karatasi ya mtihani wa hisabati ofisini kwa mwalimu. Usiku uleule ukaguzi wa mabweni ulitangazwa ghafla. Niliichomeka karatasi chini ya godoro lililokuwa karibu nami, na godoro hilo lilikuwa la Garside, mtoto wa kondakta wa basi aliyesoma kwa ufadhili. Garside aliniona. Aliulizwa mbele ya shule nzima, wavulana mia tatu na kumi, kama anajua ilikotoka karatasi ile. Alijibu kwamba hana la kusema. Alifukuzwa kabla ya saa sita mchana, wiki tatu kabla ya mitihani ya mwisho. Mimi nilifaulu vizuri sana.

Sikumwona tena kwa miaka arobaini na mitatu. Kisha mwezi Machi mtambo wa kuchemshia maji wa Wetherall uliharibika, na fundi bomba aliyekuja kuutengeneza, mwenye kampuni yake na mafundi kumi na wawili, alikuwa Garside. Wetherall, ambaye ni katibu wa chama cha wanafunzi wa zamani na ambaye husahau kila kitu isipokuwa anwani za watu, alimwalika papo hapo katika safari yetu ya kila mwaka. Garside alikubali. Niliposikia, nilielewa kwamba nimepewa siku mbili na nusu za kusema niliyopaswa kuyasema nikiwa kijana, na kwamba nikirudi Jumapili bila kuyasema, sitastahili tena kuitwa muungwana, wala sitapata siku nyingine.

Sikuwa nimekadiria bidii ya Wetherall.

Ndani ya ndege alitukatia viti vya safu tatu tofauti, kwa sababu vilikuwa nafuu. Ijumaa jioni, mezani, alitusomea orodha yote kutoka juu hadi chini, kisha akatupeleka kulala. Kwenye mnara nilifikiri nimepata nafasi: Garside alikuwa mbele yangu, Wetherall alikuwa nyuma anahesabu ngazi kwa sauti.

"Garside," nikasema, "kuna jambo."

"Liseme."

"Ni jambo la Thornmere. La mwaka ule."

"Mia moja na tisa!" ikaja sauti kutoka chini. "Msisimame, mabwana, kuna Wajerumani nyuma yetu!"

Kileleni tulikaa dakika sita. Wetherall aliupa mji mgongo, akaweka simu mbele ya uso wake, akatabasamu, akateremka. Kwa ninavyojua, hadi leo hajauona mji ule kutoka juu isipokuwa nyuma ya sikio lake mwenyewe.

Namba mbili ilikuwa stesheni ya treni yenye kuta za vigae vya buluu, ambako watu wenye treni za kuwahi walilazimika kupenya katikati ya watu wasio na treni yoyote. Namba tatu ilikuwa kuchora kigae. Tulivalishwa aproni, watu wazima wa miaka sitini, tukakaa kwenye viti vidogo, na mwalimu, binti mkali mwenye rangi kwenye nyusi, akatuomba tunyamaze ili tuusikie mkono wetu. Niliusikia mkono wangu kwa dakika hamsini. Ulichora jogoo mwenye miguu mitatu.

"Ni farasi?" Garside akauliza kwa kunong'ona.

"Jogoo."

"Maskini. Na anajua?"

Namba nne ilikuwa kupiga picha na majani makavu yaliyoanguka. Hapakuwa na jani lililoanguka. Miti ya bustani ile ilikuwa ya kijani kama mwezi wa Juni, na mfagiaji wa manispaa alikuwa amekwishapita. Wetherall alizunguka bustani mara mbili, uso umemwiva, kisha akaushika mti mchanga kwa mikono miwili akautikisa. Bibi mmoja aliyekuwa akisoma gazeti kwenye benchi alishusha miwani.

"Mzee, mti umekukosea nini?" Garside akamwuliza.

"Makala imesema majani yawe ya dhahabu!"

"Basi liandikie gazeti barua. Mwache mtoto wa watu."

Alipata majani matatu, ya kijani, akayapiga picha kwa ukaribu mkubwa. Mtu anayesafiri ili aseme amesafiri hana tofauti na mtu anayeoa ili apate picha za harusi. Nyumba hujengwa, lakini haina mtu ndani.

Saa tano na dakika arobaini tulifika namba tano. Hapo makala ilikuwa imejaa mafumbo: mgahawa usio na kibao, nyuma ya kanisa, unaojulikana na wenyeji tu, ambao supu yake ya kabichi haina mfano, utautambua kwa foleni. Tulipita nyuma ya kanisa. Palikuwa na mlango wa kijani usio na kibao. Palikuwa na foleni.

Hapa sina budi kulisema jambo la taifa langu, kwa kuwa sisi tu ndio tungeweza kulifanya kosa lile. Mwingereza akiwakuta watu wawili wamesimama mmoja nyuma ya mwingine, huwa wa tatu kwanza, na kuuliza huja baadaye. Mara nyingi hakuji kabisa. Kuuliza foleni ni ya nini ni kukiri kwamba umesimama bila kujua, na kutoka ndani ya foleni uliyokwisha kuingia ni usaliti mdogo. Tulisimama. Wetherall mbele, mimi katikati, Garside nyuma.

"Wenyeji watupu!" Wetherall akasema kwa furaha. "Hakuna mtalii hata mmoja. Na tazameni, wengine wamekuja na vyombo vyao vya plastiki. Mtu habebi chombo kutoka nyumbani kama chakula si kizuri."

"Ni kweli," Garside akasema. "Na yule pale amekuja na blanketi na godoro."

"Mpanda milima, bila shaka."

"Bila shaka. Mwenye viatu viwili visivyofanana."

Sikusikiliza. Foleni ilikuwa haisogei, Wetherall alikuwa ameinamia simu akituma picha za majani, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa hapakuwa na mahali pa kukimbilia. Nilimgeukia Garside.

"Garside, ile karatasi ya hisabati."

Alinitazama. Ana macho ya mtu aliyezoea kutafuta mahali bomba linapovuja: hayana haraka, na hayaamini rangi ya ukuta.

"Naam, Hakimu."

"Ningependa tuzungumze mahali pa faragha."

"Faragha," akarudia. "Mimi sikufukuzwa faragha." Kisha akaonyesha mbele kwa kidevu. "Foleni inasogea. Usipoteze nafasi yako."

Ilisogea. Mlangoni alisimama mama mnene mwenye aproni nyeupe na daftari, na sahani ya vibao vidogo vya mbao vyenye namba. Wote walimwita Dona Albertina. Aliposikia Wetherall anamsalimu kwa Kireno cha kitabuni alikunja uso, akabadili lugha. Alikuwa, alisema, amefanya kazi jikoni London kwa miaka kumi na tisa.

"Jana umelala wapi, mpenzi?" akamwuliza kwa upole.

"Hotelini," Wetherall akajibu. "Ghorofa ya nne. Inatazama mto."

Alimtazama skafu, jasho lililokuwa likimtiririka chini yake, na rangi ya buluu iliyokaukia kwenye vidole vyake.

"Ndiyo, mpenzi. Inatazama mto," akasema, akaandika neno moja daftarini. "Na nani anakulipia?"

"Mimi mwenyewe!"

"Vizuri sana. Shika, hamsini na nane. Kaa karibu na dirisha, hapo hakuna kelele. Na huyu ni nduguyo? Hamsini na tisa. Na wewe, sitini." Kisha akainua sauti akawaambia waliokuwa nyuma yetu kwa Kireno, nami nikaelewa neno moja tu, kwa sababu alilisema huku akigeuza sahani tupu: zimekwisha.

"Tumepata za mwisho!" Wetherall akanong'ona, akinibana mkono. "Lattimer, tumepata za mwisho! Bahati iliyoje!"

Niligeuka. Nyuma ya Garside walikuwa mzee aliyefungwa bandeji mkononi, na mwanamke na binti yake mtu mzima, wamebeba chombo kimoja cha plastiki. Hawakulalamika. Mzee alivuta kofia yake chini, kama mtu aliyekwisha kuambiwa hivyo juzi. Ndipo nikatazama ndani: meza ndefu, vijiko vya bati, picha ya mtakatifu ukutani, na watu hamsini na saba wakila bila kuzungumza, kwa namna ambayo watu hawali mgahawani. Hakuna aliyekuwa na mkoba wa fedha. Tulikuwa karibu kunywa supu ya maskini wa parokia.

"Wetherall," nikasema, "huu si mgahawa."

Alitazama ndani. Naye akaona. Uso wake ulibadilika mara tatu.

"Nyamaza," akasema kwa sauti ya chini sana. "Lattimer, nyamaza. Tukisema sasa tutaonekana wapumbavu mbele ya watu wote hawa. Tuingie, tule haraka, tuache kitu kizuri mezani, tuondoke. Hakuna atakayejua."

Nilimtazama Garside. Kibao chake, namba sitini, kilikuwa kiganjani, kiganja kimefunguka.

"Ulijua," nikamwambia.

"Tangu dakika ya tano. Viatu havidanganyi."

"Na ukanyamaza?"

"Nilitaka kuona." Hakuinua sauti. "Arobaini na mitatu, Hakimu. Miaka yote hiyo nimetaka kuona utafanya nini ukijikuta umeshika kilicho cha mwingine, na mwenyewe amesimama hapohapo."

Nimetoa hukumu nyingi maishani, nikiwa nimekaa, kitini pa juu, na karani akiniletea maji. Sikuwahi kusimama mlangoni mwa jiko la parokia na kibao cha mbao mkononi. Nilimgeukia Dona Albertina, nikasema kwa sauti niliyoitumia mahakamani, ili wa ndani na wa nje wasikie:

"Bibi, sisi si wahitaji. Hoteli anayoisema huyu ni ya kweli. Tulidhani hapa ni mgahawa, tukachukua nafasi za watu hawa watatu kwa ujinga wetu. Ni haki yao. Tunawaomba radhi."

Dona Albertina alimtazama Wetherall upya, kutoka skafu hadi viatu, akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa zaidi kuliko yale aliyomwonea akidhani hana pa kulala.

"Basi toka mlangoni," akaniambia. "Unawazibia njia."

Tulitoa vibao. Mzee wa bandeji alichukua cha Wetherall, akauliza jambo, akajibiwa, akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika ukuta, na mwanamke na binti yake wakacheka naye, na kicheko kikaingia ndani kikazunguka meza. Ilikuwa haki yao pia.

Uani, kando ya mapipa ya taka, Wetherall alitoa karatasi yake.

"Sawa. Sawa. Yamepita. Namba sita, boti, saa nane kamili. Tukitembea haraka—"

"Hatuendi popote," nikasema. "Garside, karatasi ya hisabati niliiiba mimi. Niliificha chini ya godoro lako. Nilikaa kimya ulipoulizwa, nikakaa kimya ulipobeba sanduku lako kwenda kituoni, na nimekaa kimya tangu hapo. Nilijificha ndani ya uungwana wako. Nakuomba radhi."

Garside alikuwa amekaa juu ya kreti tupu. Alitoa leso akajipangusa shingo kwa utaratibu.

"Baba yangu aliomba likizo ya nusu siku kuja kunichukua," akasema. "Walimkata mshahara. Njiani hakuniuliza kitu. Alikufa mwaka 1991, akiamini niliiba. Nilimwambia sikuiba, akasema, 'Basi ni nani?' Nami sikuweza kumwambia, kwa sababu mlinifunza vizuri." Alikunja leso. "Radhi yako nimeisikia. Lakini umeitoa Porto, Lattimer, kando ya mapipa, mbele ya Wetherall. Mimi nilitolewa mbele ya watu mia tatu na kumi. Ukitaka kulipa, lipa kwa sarafu ileile."

"Ndugu zangu," Wetherall akasema, "haya ni mambo ya zamani. Mwalimu mkuu amekwisha kufariki. Tuna jina la shule. Tuna siku moja na nusu tu, na boti—"

"Una anwani za watu wangapi kwenye hiyo simu?" nikamwuliza. "Za chama."

Alielewa, akaificha simu kifuani kama mtoto anayeficha andazi.

"Lattimer, usinifanyie hivi. Mimi ni katibu!"

"Ndiyo maana. Wangapi?"

"Mia nne na kumi na wawili. Lakini wewe unatakiwa kuwa mgeni rasmi wa chakula cha jioni cha Novemba! Kadi zimechapwa!"

"Andika."

Aliandika, kwa kidole kimoja, akilalamika kila nukta. Nilisimama wima uani pale nikamsomea, neno kwa neno, kama nilivyowasomea makarani wangu: kwamba tarehe 11 Mei 1976 Colin Garside alifukuzwa Thornmere kwa wizi ambao hakuufanya; kwamba mwizi alikuwa mimi, Hugh Lattimer, kiranja wa bweni; kwamba Garside alimjua mwizi akakataa kumtaja; kwamba baba yake alikufa bila kuujua ukweli; na kwamba nilinyamaza kwa hofu.

"Futa hofu," Garside akasema. "Hofu nilikuwa nayo mimi. Wewe ulikuwa na nafasi chuo kikuu."

"Andika: nilinyamaza kwa faida yangu," nikamwambia Wetherall.

Aliandika. Niliomba asome yote kwa sauti. Alisoma, na sauti yake, iliyoanza kwa manung'uniko, ilikuwa imetulia alipofika mwisho. Nilimwagiza aweke jina langu kamili chini, bila cheo. Kisha nikachukua simu mkononi mwake na kuituma barua mwenyewe, kwa kuwa si haki mtu mwingine abonyeze.

Tulingoja. Sijui tulingoja nini. Kengele ya kanisa ilipiga saa saba na nusu. Simu ya Wetherall ililia mara moja, kisha mara tatu mfululizo, kisha ikaanza kutetemeka bila kukoma kama nyuki aliyenaswa ndani ya glasi. Simu ya Garside nayo ililia. Wetherall alikuwa amemwandikisha kwenye chama mwezi Machi, siku ya mtambo. Garside alivaa miwani akaisoma barua yote, polepole, midomo ikichezacheza kidogo. Akaisoma mara ya pili.

"Na sasa mmepatana?" Wetherall akauliza. Machoni mwake, Mungu amsamehe, nilimwona akitafuta mahali pa kusimama ili tuingie wote watatu pichani. "Mmekuwa marafiki?"

"Hatukuwa marafiki shuleni, na sijaja hapa kutafuta rafiki," Garside akajibu. Alivua miwani, akaiweka mfukoni, akanitazama usoni. "Limelipwa, Lattimer."

Hakunipa mkono, nami sikuunyoosha wangu. Deni lilikuwa limelipwa.